Pini moja, vipimo viwili: mikromita inapitisha, hadubini inakataa. Nani mkweli?

#1 Kereza255
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Tuna karakana ndogo Chang'ombe, tunakereza na kusaga pini za chuma za kuelekezea moldi za plastiki. Mteja yuko Nairobi. Mchoro wake unataka pini ya milimita 6 daraja la h6, yaani isizidi 6.000 na isishuke chini ya 5.992. Sisi tunapima kwa mikromita ya dijitali, ile inayobana kitu kati ya midomo miwili, inasoma 5.997, mara nyingine 5.998. Safi. Mzigo ukifika Nairobi, jamaa analaza pini kwenye kioo cha hadubini ya kupimia, anasoma 5.988. Kakataa boksi zima.

Tukaenda kuazima hadubini ya aina hiyo kwenye chuo kimoja: meza inayosogezwa kwa skrubu mbili za mikromita, lenzi ya mara 3, kioo cha jicho mara 10. Na sisi tukapata 5.989! Kurudi kwenye mikromita, 5.997. Pini ile ile, mpimaji yule yule.

Hizo maikroni nane (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zimekwenda wapi? Nawaomba wanaojua, sio wabahatishaji.

#2 kiazi_kitamu
Hadubini si ile ya kupimia malaria? Mmeanza kutafuta vimelea kwenye vyuma?

#3 FundiNyundo
Hiyo ni joto mkuu, usihangaike. Dar nyuzi 32, Nairobi baridi. Chuma kinatanuka na kusinyaa. Kikifika Nairobi kimesinyaa, kesi imekwisha.

#4 Binti_wa_Vipimo
#3 umejibu haraka mno. Tupige hesabu. Chuma kinatanuka takriban maikroni 11.5 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja. Vipimo vyote vya viwandani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, makubaliano hayo ni ya tangu 1931. Kutoka 20 hadi 32 ni nyuzi 12. Pini ni milimita 6, yaani mita 0.006. Zidisha: 11.5 × 12 × 0.006 = 0.83. Hata maikroni moja haijafika. Wewe unatafuta nane.

Joto lingekuwa mshtakiwa kama angekuwa anapima shafti ya milimita 300. Hapo angepata maikroni 41, na ningekupigia makofi.

Halafu mleta uzi kasema hadubini ya hapo hapo Dar nayo imesoma chini. Baridi ya Nairobi imeingiaje?

#5 FundiNyundo
Haya dada, nimekaa.

#6 Gikosh_Machinist
Wasee, niko Nairobi na hizi hadubini nimezitumia miaka kadhaa, kwa hivyo niongee kidogo.

Kitu cha kwanza kinachoua wengi ni plei ya ile skrubu ya meza. Unasogeza meza kulia hadi mstari wa msalaba uguse ukingo wa kwanza, unaandika namba. Unaendelea hadi ukingo wa pili, unapita kidogo, kisha unarudisha nyuma ili ukae sawa. Hapo umeshaharibu. Skrubu imegeuka lakini meza haijasogea, na ukisoma ngoma ya skrubu yenye namba unasoma uongo. Mashine ikishazeeka, plei ya maikroni 10 ni kawaida kabisa. Lazima ukaribie kingo zote mbili ukitoka upande mmoja. Ukipita, rudi mbali uanze upya.

Muulize jamaa wako wa huku kama anafanya hivyo. Na wewe pia jiulize.

#7 Kereza255
#6 asante. Sisi tulikaribia kutoka upande mmoja, mwalimu wa pale chuoni alisimamia. Huyo wa Nairobi sijui.

#8 mtoto_wa_Gerezani
Labda pini ililala kimshazari kwenye kioo. Ukipima kitu kikiwa kimepinda lazima upate namba ya ovyo.

#9 Binti_wa_Vipimo
Kweli, ila kimshazari kinakupeleka upande wa pili. Pini ikipinda nyuzi 2 kutoka kwenye mwelekeo wa meza, kivuli unakikata kwa mshazari, na upana unaongezeka: 6 gawanya kwa kosaini ya 2 ni 6.0037. Inakuwa nene. Yeye analalamika imekuwa nyembamba.

Kwenye urefu ndiyo mambo yanageuka. Ukipima kitu cha urefu wa milimita 50 na kimepinda nyuzi 1 tu, unasoma pungufu kwa maikroni 7 na ushee. Kwa hiyo kulinganisha kipande na mwendo wa meza kwanza ni lazima, ila mwizi wa leo si huyo.

#10 kiazi_kitamu
Huyu binti anakamata washukiwa na kuwaachia huru. Hakimu kabisa.

#11 MzeeWaJena
Vijana, salaam. Mimi ni mtu wa Unguja, nilisomeshwa ufundi Ujerumani Mashariki enzi hizo, na mashine niliyofundishiwa ilikuwa ile hadubini kubwa ya karakana ya Carl Zeiss Jena. Nimesoma yote hapo juu na naona hakuna aliyegusa taa.

Kwenye hadubini ya kupimia, mwanga unatoka chini, unapita kwenye kioo cha meza, unapanda juu. Wewe unaona kivuli. Kipande cha bapa, kama karatasi ya bati, kingo zake ni kali na kivuli chake ni cha kweli. Lakini pini ni duara. Mwanga usionyooka sawasawa unagonga ubavu wa pini kwa pembe ndogo sana, unateleza juu ya mgongo wake na kuingia kwenye lenzi. Ukingo wa kivuli unaliwa na huo mwanga. Matokeo yake unaona pini nyembamba kuliko ilivyo.

Dawa yake ni kile kiwambo cha tundu la mwanga, kinachofungwa na kufunguliwa kama mboni ya jicho. Sisi tulikuwa na jedwali: kipenyo cha pini hiki, fungua tundu kiasi hiki. Ukifungua sana, pini inakonda. Ukibana sana, mawimbi ya mwanga yanajikunja ukingoni, vimistari vinatokea, na pini inanenepa. Kuna kipimo cha katikati. Mwalimu wetu alikuwa akikuta mtu kapima pini bila kugusa kiwambo, anafuta daftari lake lote.

Kereza, mlifungua kiasi gani?

#12 Kereza255
Shikamoo mzee. Kusema ukweli hatukukigusa. Kilikuwa wazi kabisa, tulipenda mwanga mwingi ili tuone vizuri.

#13 MzeeWaJena
Marahaba. Basi anzeni hapo.

#14 Gikosh_Machinist
Mzee ameshusha darasa. Lakini nina swali. Lenzi za siku hizi ni zile ambazo picha haibadiliki ukubwa ukisogeza fokasi juu au chini, na taa yake imenyooshwa. Hilo tatizo bado lipo?

#15 MzeeWaJena
Lipo. Lenzi hiyo inazuia kosa la fokasi tu. Mwanga unaoteleza juu ya mgongo wa pini haujali lenzi ni ya mwaka gani. Na fokasi nayo muiangalie: kwa pini ya milimita 6 mnatakiwa kufokasi kwenye kimo cha mstari wake wa katikati, milimita 3 juu ya kioo. Wengi wanafokasi kwenye kioo chenyewe kwa sababu ndiko wanakoona vumbi.

#16 Nyakati_Ngumu
Nauliza nje ya mada kidogo, hiyo hadubini inauzwaje? Nimeona Kariakoo zile za kuchomeka kwenye kompyuta, wameandika mara 1000, elfu themanini tu.

#17 Binti_wa_Vipimo
Mkuu #16, ukubwa wa mara 1000 hapo ni stika. Na hata ingekuwa kweli usingeihitaji. Hadubini za kupimia za karakana nyingi ni mara 30 tu kwa jumla, maana unachotaka ni eneo pana la kuona, ukingo safi, na meza inayojua imesogea kiasi gani. Thamani yote iko kwenye meza. Hicho cha Kariakoo hakina meza, kina kishikio cha plastiki kinachotikisika ukikohoa.

Kwa kuangalia solda za simu ni kizuri sana, sikidharau.

#18 Dokta_Sampuli
Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, nimevutiwa na huu uzi. Kumjibu #2: ya malaria ni lenzi ya mara 100 ya mafuta, ukizidisha na jicho ni mara 1000. Na hata sisi tunapima. Unaweka kipande cha kioo chenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila alama maikroni 10, unalinganisha na rula iliyoko ndani ya jicho, unajua kila kistari kina thamani gani kwa lenzi ile. Ukibadilisha lenzi unaanza upya. Kuna fundi wa nozeli za dizeli aliwahi kuniletea nozeli ili tuone vitundu vyake. Tuliviona, na vilikuwa vimekula upande mmoja.

#19 FundiNyundo
Kumbe na nyie madaktari ni mafundi wenzetu.

#20 Sohar_Mswahili
Niko Oman, kiwanda cha kukarabati shafti za pampu. Nataka kumpinga Mzee kwa heshima zote. Sijasema taa si tatizo. Ila mikromita nayo inadanganya na wote mmeiacha kama malaika.

Mikromita ina nyuso mbili bapa za kama milimita 6 na kitu. Ukibana pini, hushiki kipenyo cha sehemu moja, unashika sehemu nene kuliko zote kwenye huo urefu. Kama pini ina tumbo kidogo, au ina ukwaruzo wa kusaga, mikromita inakaa juu ya vilele. Hadubini inaona ukingo wenye mabonde na vilele, na jicho la binadamu linaweka mstari katikati. Kila upande maikroni moja hadi mbili, pande mbili tayari una tatu au nne. Ongeza sifuri ya mikromita iliyohama. Mlihakiki sifuri kwa kutumia nini? Kwa kufunga midomo tu au kwa bloku ya kupimia, kile kipande cha unene unaojulikana kwa uhakika?

#21 Kereza255
Kwa kufunga midomo tu. Bloku hatuna.

#22 Sohar_Mswahili
Haya.

#23 mtoto_wa_Gerezani
"Haya" hiyo imeniuma mimi ambaye si mwenye pini.

#24 Prof_Chuma
Wote mmekosea. Pini hizi zimesagwa bila senta, yaani zikizunguka kati ya mawe mawili bila kushikwa ncha, sivyo? Kama ndiyo, nina uhakika si duara, zina pembe tatu za mviringo. Usagaji bila senta unatoa umbo la pembe tatu mara nyingi sana ukipanga vibaya kimo cha pini kati ya mawe. Mikromita haioni umbo hilo. Ndiyo siri.

#25 Kereza255
Ni kweli tunasaga bila senta.

#26 Binti_wa_Vipimo
Prof, nusu nakubali, nusu nakataa. Ni kweli mikromita haioni pembe tatu, kwa sababu umbo hilo lina upana uleule ukiligeuza vyovyote. Lakini kivuli nacho ni upana! Hadubini inapima umbali kati ya mistari miwili sambamba inayogusa umbo pande mbili, sawasawa na mikromita. Kwa hiyo pembe tatu zingedanganya vyombo vyote viwili kwa kiasi kilekile, na tofauti kati yao isingekuwepo.

Zinachoeleza pembe tatu ni kitu kingine: pini inayosoma 5.997 kugoma kuingia kwenye tundu la 6.000. Kereza, zinaingia?

#27 Kereza255
Sasa hilo ndilo limenishangaza. Mteja hajalalamika kwamba hazifai kwenye moldi. Kalalamikia namba tu. Sisi tuna pete ya kujaribia, zote zinapita bila nguvu.

#28 Prof_Chuma
Weka pini kwenye bloku ya V, ile yenye mfereji, weka juu saa ya kupimia, ile ya mshale unaoonyesha kupanda na kushuka, zungusha. Utaniambia.

#29 Gikosh_Machinist
Hapo #27 ndipo penye stori yenyewe. Huyu jamaa wa huku ana tofauti inayoruhusiwa ya maikroni 8 tu, na anapima kwa chombo ambacho chenyewe kina kosa. Angalieni karatasi za hizi mashine, zile za daraja la kati zinaandikwa usahihi kama 3 + 0.02L, L ikiwa urefu kwa milimita, jibu ni maikroni. Kwa milimita 6 ni maikroni 3.1, tena kwenye chumba cha nyuzi 20, na mashine mpya. Sasa nafasi yako ni 8, chombo kinayumba 3 kila upande. Umebaki na nini? Sisi tulifundishwa chombo kiwe bora mara kumi kuliko nafasi unayopima. Hapa alihitaji kitu cha maikroni 0.8.

Skrini inasoma hadi 0.001, watu wanadhani mashine inajua hadi 0.001.

#30 Sohar_Mswahili
Hilo la mwisho liandikwe ukutani kwenye kila chumba cha ubora.

#31 Nyakati_Ngumu
Sasa kama haifai kupima pini, inafaa kupima nini? Mnaniharibia ndoto ya biashara.

#32 Gikosh_Machinist
Inafaa sana kwa vitu usivyoweza kugusa au usivyoweza kufikia. Raba na plastiki laini, ukizibana na mikromita zinabonyea. Springi ndogo. Nusu kipenyo cha ncha ya kisu cha kukerezea. Pembe. Umbali kati ya vitundu viwili kwenye bati. Na mfalme wa yote, tredi. Mikromita ya kawaida itakupa kipenyo cha nje cha bolti tu, haitakwambia pembe ya jino wala hatua kati ya jino na jino.

#33 mtoto_wa_Gerezani
Kwenye tredi nina ushahidi. Hapa mtaani Gerezani kila siku mtu analeta bolti ya pampu ya zamani anasema ni M10, yaani ya metriki ya milimita 10, nati inaingia mizunguko michache halafu inabana. Anaongeza bomba kwenye spana, anakata bolti. Kumbe ni ya inchi 3/8 ya Whitworth, kiwango cha Kiingereza. Hiyo ina meno 16 kwa inchi, hatua yake milimita 1.5875. M10 hatua ni 1.5. Kwa jino moja huoni kitu, lakini baada ya meno kumi zimeachana karibu milimita 0.9. Na kipenyo cha 3/8 ni 9.525, kwa hiyo kwa macho unaona tu "imelika kidogo".

#34 Prof_Chuma
Na pembe ni ileile nyuzi 60, ndiyo maana zinaingiliana mwanzoni.

#35 MzeeWaJena
Hapana Prof. Whitworth ni nyuzi 55. Ni kiwango cha Joseph Whitworth wa Uingereza, 1841. Nyuzi 60 ni za metriki na za Kimarekani. Ndiyo maana hadubini ya karakana ina jicho la kuzungusha lenye mistari: unalaza mstari kwenye ubavu wa jino, unasoma pembe, 55 au 60, mjadala umekwisha.

Ila kuna mtego. Jino la bolti limezunguka kwa mteremko, kwa hiyo mwanga ukipanda wima unafunika ubavu mmoja na kivuli kinakuwa na ukungu. Lazima uinamishe nguzo ya hadubini kwa pembe ya mteremko wenyewe. Kwa M10 ya hatua 1.5, kipenyo cha katikati ya jino ni 9.026, ukigawanya 1.5 kwa mzingo wake unapata pembe ya kama nyuzi 3. Unainamisha 3 upande mmoja kwa ubavu huu, 3 upande mwingine kwa ubavu ule. Mashine za kweli nguzo yake inainama. Ukinunua ambayo haiinami, usiitumie kwa tredi ukajidai.

#36 kiazi_kitamu
Prof leo amekula 55 za uso.

#37 Prof_Chuma
Nimeteleza kwenye Whitworth, kwenye pembe tatu sijateleza.

#38 Subira_wa_Mbagala
Jamani si mpeleke hiyo hadubini na mikromita Wakala wa Vipimo zihakikiwe, mnabishana nini?

#39 Binti_wa_Vipimo
Wakala wa Vipimo kazi yao kubwa ni vipimo vya biashara: mizani ya sokoni, pampu za mafuta, malori ya mafuta. Kwa vyombo vya kiwandani kama mikromita na bloku, nenda maabara ya metrolojia ya TBS, shirika la viwango, Ubungo. Wenzetu wa Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Cheti utakachopewa usome ndani, usitundike tu. Ukurasa muhimu ni ule wenye jedwali la makosa na kiasi cha mashaka ya kipimo, yaani namba inaweza kuyumba kiasi gani.

#40 Subira_wa_Mbagala
Sawa, nimejifunza.

#41 Kereza255
Wakuu, mrejesho.

Tumeazima bloku ya milimita 6 na tumerudi chuoni. Mikromita yetu kwenye bloku inasoma 6.001. Kwa hiyo ilikuwa inatunenepesha kwa maikroni moja. Hadubini kwenye bloku hiyohiyo inasoma 5.999.

Kisha tukafanya ya Mzee. Tundu la mwanga wazi kabisa: 5.989. Tulipobana hadi karibu theluthi: 5.994. Tulipobana zaidi vimistari vikaanza kutokea na ikasoma 5.999, tukaacha. Hatuna jedwali, kwa hiyo theluthi ni ya kukisia.

Ila mwenzangu alipokaa yeye, tundu lilelile la theluthi, akapata 5.991. Nikakaa mimi, 5.994. Tumerudiarudia, yeye yuko chini kila mara.

#42 MzeeWaJena
Mmeona sasa?

#43 Sohar_Mswahili
Mzee usishangilie mapema. Mikromita imeshatoa maikroni yake moja, kama nilivyosema. Kwa hiyo pini halisi kwa mikromita ni 5.996, na hadubini iliyorekebishwa ni 5.994. Hizo mbili zilizobaki ni ukwaruzo wangu wa #20. Taa haikumaliza kesi.

#44 MzeeWaJena
Zilizobaki ni theluthi ya kukisia. Angekuwa na jedwali zingekwisha.

#45 Binti_wa_Vipimo
Na mimi naona wote wawili mnajenga juu ya bloku ambayo haina kazi hapa. Bloku ina nyuso bapa, kingo zake hazifanyi kama pini. Hadubini kusoma bloku vizuri hakuthibitishi chochote kuhusu duara. Angetakiwa kupata pini geji, yaani pini ya kulinganishia, ya milimita 6 yenye cheti, ailaze pale pale, abane tundu hadi isome namba ya cheti, halafu bila kugusa kitu aweke pini yake. Hapo jedwali la Mzee halihitajiki hata.

Kuhusu mwenzako: mwambie arekebishe kwanza kioo cha jicho hadi aione vizuri mistari ya msalaba, kabla ya kufokasi pini. Mistari ikiwa na ukungu, ukitikisa kichwa inahama juu ya picha. Pia muulize anaweka ukingo wapi kwenye mstari: katikati ya unene wake au nje yake. Akiweka ndani pande zote mbili, amekula unene wa mstari mzima.

#46 Gikosh_Machinist
Tumieni mstari wa vipande-vipande kama upo. Ukingo ukikaa katikati, jicho linaona nusu giza nusu mwanga kwenye kila nafasi, na watu wawili wanakaribiana sana. Mstari mnene usiokatika kila mtu ana dini yake.

#47 Prof_Chuma
Bloku ya V mmejaribu?

#48 Kereza255
Bado Prof, bloku ya V iko kwa jamaa mmoja Buguruni hapokei simu.

#49 Mhandisi_Mstaafu
Nimepita tu. Kuna kanuni ya Ernst Abbe, huyo wa Zeiss, ya 1890: rula iwe kwenye mstari mmoja na kitu kinachopimwa. Mikromita inakaribia kuitii. Hadubini za meza nyingi zinaivunja, kwa sababu rula iko chini au pembeni na pini iko juu. Meza ikiyumba sekunde 10 za pembe na kimo kikiwa milimita 50, umepoteza maikroni 2.4. Labda maikroni zenu mbili ziko hapo.

Huyo Abbe ndiye pia aliyewapa wafanyakazi wa Zeiss siku ya kazi yenye saa nane tu mwaka 1900.

#50 mtoto_wa_Gerezani
Saa nane?? Bosi wangu hajawahi kumsikia huyo Abbe kabisa.

#51 Binti_wa_Vipimo
Shikamoo mhandisi. Kanuni sawa, ila mwendo hapa ni milimita 6 tu. Meza kuyumba sekunde 10 ndani ya milimita 6 ni meza mbovu sana. Na bloku ya milimita 6 isingesoma 5.999 pale.

#52 Mhandisi_Mstaafu
Dakika chache zilizopita ulisema bloku haithibitishi chochote.

#53 kiazi_kitamu
😂😂 Hakimu kapandishwa kizimbani.

#54 Binti_wa_Vipimo
Nilisema haithibitishi chochote kuhusu duara. Kuhusu meza inathibitisha. Soma tena #45.

#55 Kereza255
Nimempigia mteja. Amekubali kukaribia kingo kutoka upande mmoja, kumbe anafanya hivyo tayari. Kuhusu tundu la mwanga kagoma. Anasema utaratibu wao ulioandikwa hautaji tundu, na akibadilisha lazima apime upya mizigo ya wauzaji wengine wote.

#56 Gikosh_Machinist
Nilitarajia. Mchoro wake unasema pini ipimwe kwa njia gani?

#57 Kereza255
Hausemi. Umeandika 6 h6 na ukwaruzo, basi.

#58 Gikosh_Machinist
Basi una pa kusimama. Kuna kiwango cha ISO 14253 sehemu ya kwanza kinachohusu jambo hilihili. Anayetaka kukataa mzigo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba uko nje hata baada ya kuhesabu mashaka ya kipimo chake mwenyewe. 5.988 yenye mashaka ya maikroni 3 inafika 5.991, bado iko nje, sawa. Lakini mashaka yake kwa duara, tundu likiwa wazi, si 3. Mwambie akuonyeshe amehesabuje.

#59 Sohar_Mswahili
Na kiwango hichohicho kinamtaka muuzaji naye athibitishe mzigo uko ndani baada ya kuhesabu mashaka yake. Kereza alikuwa na mikromita isiyohakikiwa. Asiende kugomba mikono mitupu.

#60 Kereza255
Mikromita naipeleka Ubungo wiki ijayo. Pini geji tumeagiza, ikija nitatuma Nairobi na basi pamoja na pini zetu tano, apime zote kwa siku moja kwa tundu lake hilohilo analolipenda. Kama geji yenye cheti nayo itasoma pungufu, tuone atasemaje.

#61 MzeeWaJena
Wazo zuri. Mwambie azilaze zote kwenye kimo kimoja.

#62 Prof_Chuma
Na bloku ya V usisahau.

#63 Nyakati_Ngumu
Kereza, hizo pini zilizokataliwa mnauza kwa kilo au kwa moja moja? Nina mageti mawili yanahitaji bawaba.

#64 Kereza255
Mkuu hiyo ni chuma iliyosagwa kwa h6 unataka kuifanya bawaba ya geti?

#65 Nyakati_Ngumu
Geti halina hadubini. Nitajie bei.